Kuwinda kinachoiangusha hakintoshi: shajara kutoka Soweto, Mbeya

Mei 10, 2025, Jumamosi

Ventura imekaa, toleo la 13 la macOS, mfumo wa kompyuta za Apple. Kompyuta isiyo ya Apple inayowashwa kwa macOS ndiyo huitwa hakintoshi, na hii ni yangu. Mashine yenyewe ni kompyuta ya ofisini iliyotumika, kiboksi cha kulaza mezani chenye prosesa ya Intel Core i5-8500, RAM GB 16 kwa vijiti viwili vya DDR4 ambavyo kila kimoja kina chapa yake, na diski ya NVMe iliyokuja nayo. Picha inatoka kwenye UHD 630 iliyomo ndani ya prosesa. Wi-Fi haina na siihitaji. Waya wa mtandao umeshikwa na IntelMausi, kiendeshi cha kadi za mtandao za Intel, bila ubishi. Inayotangulia kuwaka ni OpenCore, programu ya kuuwasha mfumo, nayo inaiambia macOS kwamba iko ndani ya iMac19,1. Nimechagua jina hilo kwa sababu iMac ya inchi 27 ya mwaka 2019 iliuzwa na i5-8500 hii hii, tena haina T2, chipu ya usalama ya Apple, ya kuleta maswali siku ya apdeti.

Sababu ya kujitafutia kazi hii ni Logic Pro, programu ya Apple ya kurekodi muziki. MacBook yangu imekufa bodi, na ndani ya akaunti yangu ya Apple kuna Logic niliyoilipia dola 199.99, pamoja na kazi za kwaya za miaka kadhaa. Mradi wa Logic haufunguki kwenye Windows kwa namna yoyote ile. Mac mini ya M4 ilitoka mwaka jana kwa dola 599 huko Marekani; mpaka ivuke bahari, ushuru na faida ya muuzaji, mimi na yeye hatuonani mwaka huu.

Niliseme na la leseni mapema. Apple inaruhusu macOS iwekwe kwenye kompyuta zenye chapa yake tu. Kampuni moja ya Florida, Psystar, ilianza kuuza mashine za namna hii mwaka 2008. Apple ikaishtaki mwaka huo huo na kushinda mwaka 2009. Mashine hii itabaki mezani kwangu. Vijana walioshaanza kuniuliza "utanifungia kwa bei gani" nimewajibu kwamba siuzi.

Tatizo lililobaki: inaanguka.

Mei 12

Nimefungua kaunta buku maalum kwa ajili yake. Kila ikianguka naandika saa, programu zilizokuwa wazi, diski na prosesa zilikuwa zinafanya nini, skrini ilionyesha nini, na kama ilijiwasha yenyewe au ilibaki imezima. Hiyo safu ya mwisho niliiweka kwa kujaza ukurasa tu, lakini naiona tayari inatofautiana: mara nyingine inajiwasha upya, mara nyingine inabaki kimya kabisa, taa imezimika.

Sijagusa kitu chochote leo kwenye `config.plist`, faili la mipangilio ya OpenCore. Nataka kwanza niijue tabia yake.

Mei 13

Nimepita Mwanjelwa kwa jamaa anayeuza kompyuta za mtumba, ambaye naye amewahi kuhangaika na hakintoshi.

"Kaka, hizo ndivyo zilivyo," akasema kabla sijamaliza kueleza. "Leo nzima, kesho chali. Leta flashi nikupe EFI yangu, yangu imetulia."

Nimemshukuru na flashi imerudi mfukoni tupu. Ndani ya folda ya EFI ya mtu, ile yenye OpenCore na mipangilio yake, kuna ramani ya tundu za USB za bodi yake, viraka vya ACPI (maelezo ya bodi ambayo BIOS yake inaupa mfumo), na namba ya kubuni ya utambulisho wa mashine ambayo watu wawili hawatakiwi kuitumia kwa pamoja kwenye huduma za Apple. Nikiichukua, nitakuwa na matatizo yangu na ya kwake, tena bila kujua lipi la nani. Na hiyo kauli ya "ndivyo zilivyo" ndiyo hasa ninayotaka kuipima. Mashine haianguki kwa desturi. Kuna kitu kinaiangusha.

Mei 17

Siku nzuri. Nimejua kwa nini nilikuwa sioni chochote.

macOS ikipata paniki ya keneli, yaani kiini cha mfumo kikikwama kabisa, huandika ripoti, na ripoti hukaa `/Library/Logs/DiagnosticReports`. Kwangu folda hiyo haikuwa na hata ripoti moja ya paniki, wakati mashine imeshaanguka mara kadhaa. Nikaanza kuamini kwamba si paniki, ni umeme, nikataka kwenda kununua pawa saplai. Kabla ya kutoa hela nikajiuliza: ripoti inafikaje kwenye folda ile? Keneli ikishaanguka haiwezi kuaminiwa kuandika kwenye diski. Inachofanya ni kuweka maelezo ya paniki kwenye NVRAM, ile kumbukumbu ndogo ya bodi isiyofutika mashine ikizima; mfumo ukiwaka tena ndipo maelezo yanatolewa humo na kuwa faili. NVRAM isipofanya kazi, paniki inakufa na siri yake.

Kuipima ni rahisi. Kwenye Terminal:

`sudo nvram jaribio=mbeya`

Washa upya, kisha `nvram jaribio`. Jibu: hakuna kitu cha jina hilo. NVRAM ilikuwa haishiki.

Bodi hii ina chipseti ya Q370, ya familia ya 300, na bodi nyingi za familia hiyo zinahitaji kiraka cha ACPI kiitwacho SSDT-PMC ili macOS iweze kuandika kwenye NVRAM. Mimi nilikuwa na SSDT-PLUG, SSDT-EC-USBX na SSDT-AWAC. PMC haikuwemo kwenye mwongozo niliokuwa nimeushusha. Nimeiweka kwenye folda ya ACPI, nimeiandika kwenye `config.plist`, nimewasha. `nvram jaribio` ikajibu `mbeya`.

Nimeongeza na maneno ya kuwashia: `-v keepsyms=1 debug=0x100`. La kwanza linaonyesha maandishi badala ya tufaha wakati wa kuwaka, la pili linaleta majina ya kazi badala ya namba tupu, la tatu linazuia mashine kujiwasha upya ikipata paniki, ili maandishi yabaki kwenye skrini niyapige picha kwa simu. Sasa naomba ianguke.

Mei 19

Imeanguka. Nilikuwa nahamisha folda ya nyimbo za kwaya kutoka diski ya nje, faili nyingi nene za WAV, na katikati ya kunakili skrini ikajaa maandishi. Mstari wenye maana ni huu:

`nvme: "Fatal error occurred. CSTS=0xffffffff`

na chini yake jina IONVMeFamily.

CSTS ni rejista ya kidhibiti cha NVMe, mahali mfumo unapochungulia kujua hali ya diski. Thamani ya F tupu si hali yoyote ya diski. Ndicho kinachorudi kwenye njia ya PCIe pale unapouliza na hakuna wa kujibu. Kwa maneno mengine, kwa wakati ule diski ilikuwa haipo. Imeondoka kwenye laini kwa sababu zake, na macOS haina subira ya kusubiri irudi. Ikiikosa diski yenye mfumo wenyewe, inajiangusha.

Sitaji chapa ya diski. Ni ya mtengenezaji mkubwa, imejaa kwenye kompyuta za ofisini, na kwenye Windows haijawahi kunikosea. Zipo diski kadhaa za aina hii, hasa zile zinazotengenezwa kwa ajili ya kufungwa kiwandani, ambazo hazielewani na kiendeshi cha Apple, yaani programu ya macOS inayoongea na diski. Apple iliandika kiendeshi kile kwa ajili ya diski zake, haikumwahidi mtu.

Mei 20

Imeanguka tena, mstari ule ule. Safi. Ugonjwa unaojirudia kwa dalili ile ile unatibika.

Nimeweka NVMeFix. Kexti hii, kipande cha programu kinachoongezwa kwenye keneli, inaongeza kwenye kiendeshi cha Apple usimamizi wa hali za umeme za diski, kwa diski ambazo si za Apple, na ina marekebisho ya paniki za namna hii kwa baadhi ya vidhibiti.

Mei 25

NVMeFix imepunguza, haijamaliza. Nikiacha mashine ikifanya kazi ndogo, inakaa. Nikiipa kazi ya kunakili vitu vizito, mapema au baadaye CSTS inarudi.

Kuna wanaoridhika hapa. Wanasema "mara moja moja si mbaya." Kwa mtu wa kuandika barua labda. Mimi nikiwa na kwaya ya watu thelathini imesimama chumbani, soprano wameshapata noti yao baada ya mahangaiko, mara moja hiyo ni msiba.

Diski inatoka.

Mei 31, Jumamosi

Nimenunua SSD ya SATA ya GB 500. Ni ya kasi ndogo kuliko NVMe kwenye karatasi, lakini kurekodi nyimbo za kwaya hakuhitaji hata robo ya kasi ya SATA. NVMe nimeifungua skrubu na kuiondoa kabisa kwenye bodi. Kuiacha mle ndani bila kuitumia hakusaidii: kiendeshi cha Apple kitaishika tu kwa kuwa kimeiona, na ikipotea kwenye laini paniki itakuja vile vile, hata kama haina faili lako hata moja.

Ventura nimeishusha upya kwa njia ya mtandao, zaidi ya GB 12, kwa kifurushi cha usiku. Nimelala kompyuta ikifanya kazi. Asubuhi dirisha lilikuwa na ukungu, mfumo umeshakaa, na 13.7.6, apdeti ya usalama iliyotoka mwezi huu, nimeiweka hapo hapo.

Tangu hapo nimenakili kila nilichonacho, nikafuta, nikanakili tena. CSTS haijaonekana.

Juni 4

Imeanguka. Lakini si ile.

Juni 6

Nina ripoti tatu sasa, na ndicho kinachonishangaza: hazifanani. Moja inailaumu WindowServer, inayochora skrini, nyingine imeanguka ndani ya mambo ya APFS, mpangilio wa faili kwenye diski, ya tatu inataja anwani ya kumbukumbu isiyokuwepo kwenye kazi ambayo haihusiani na hizo mbili. Kaunta buku inaonyesha pia kwamba kabla ya moja ya hizo niliona vipande vya rangi ya zambarau kwenye kona ya skrini, nikadhani ni kebo ya DisplayPort.

Mtu akisoma ripoti moja moja ataanza kubadilisha mipangilio ya picha, kesho yake ya APFS, keshokutwa ya kitu kingine. Nilishaanza hata kufungua ukurasa wa `AAPL,ig-platform-id`, mpangilio unaoiambia macOS iishike vipi UHD 630, ili nitoke kwenye `07009B3E` nijaribu nyingine. Nikaacha. Makosa yanayoruka kutoka sehemu hadi sehemu bila mpangilio mara nyingi yana chanzo kimoja kilicho chini ya sehemu zote, na chini ya zote kuna RAM. UHD 630 haina kumbukumbu yake, inakopa kutoka RAM hiyo hiyo. MacOS inaandika MB 1536 kwenye maelezo yake, zote za kukopa. Kwa hiyo rangi ya zambarau inaweza kabisa kuwa RAM mbovu inayojionyesha kwa macho.

Usiku huu nawasha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi na kwenda kulala.

Juni 7

Asubuhi skrini nyekundu, makosa yamejaa. Kilichobaki ni kujua kijiti gani au tundu gani. Nimeacha kijiti cha kwanza peke yake, tundu la kwanza: safi. Nimehamishia cha pili kwenye tundu lile lile: makosa. Nimekipeleka tundu la pili: makosa. Tundu haina hatia, kijiti kina hatia.

MemTest haijui macOS ni nini. Inawaka yenyewe bila mfumo wowote. Hii ni sehemu ambayo ningependa jamaa wa Mwanjelwa aione.

Juni 9

Nimempelekea. Hakuuza yeye kijiti kile, lakini anauza RAM.

"Hiki kizima, kaka. Kinawaka, ona." Akakichomeka kwenye mashine yake, Windows ikafunguka.

"Kuwaka kinawaka. Kiache na hii flashi usiku mmoja."

"Usiku mzima kwa kijiti cha GB 8?"

"Ndiyo maana nitanunua kwako kingine, ila nacho nitakilaza na flashi. Kikikosea nakirudisha."

Amecheka, akakubali. Nimechukua kinachofanana na kile kizima, kasi ile ile ya 2666, na nimelipa. Kimelala na MemTest, kimeamka safi.

Juni 10

Habari ya leo si ya kuanguka. Jana Apple imetangaza macOS mpya, Tahoe, namba 26, na kusema ndiyo ya mwisho kwa kompyuta za Intel. iMac ya 2019, ambayo mashine yangu inajifanya kuwa, haimo hata kwenye orodha ya zinazoipokea Tahoe. Apple ilihamia Intel mwaka 2006 na kuanza kutoka mwaka 2020; hakintoshi zimeishi ndani ya dirisha hilo, na dirisha linafungwa.

Mtu ameniandikia kwenye simu: "Sasa unaendelea kwa nini?" Kwa sababu nina albamu ya kumaliza. Kwaya haijui habari ya Tahoe.

Juni 14, Jumamosi

Kurekodi kwa kweli, kwa mara ya kwanza kwenye mashine hii. Kwaya imetoka Uyole kwa daladala mbili, mwalimu wao ni mzee ninayemheshimu tangu utotoni. Nilikuwa nimeipima mashine wiki nzima haikuyumba, nikawaita.

Mchana wote salama. Saa moja na nusu jioni, wimbo wa nne, beti ya mwisho, mashine ikazima. Si paniki: hakuna maandishi, hakuna kitu. Giza tu, na mlio mmoja wa UPS.

Mwalimu akatoa miwani. "Mwanangu, imezima au umeizima?"

"Shikamoo yako Mwalimu nilishaitoa asubuhi, sasa naomba na samahani. Imezima."

"Na sisi tulichoimba?"

Nikaiwasha. Logic ikauliza kama ifungue nakala iliyojihifadhi yenyewe, nikakubali, na sauti zilikuwepo mpaka karibu na pale ilipokatika. Nikawasikilizisha. Mzee akasema, "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, akawaambia bezi warudie beti ya mwisho tu. Wamerudia vizuri kuliko mwanzo, sema hilo halinifurahishi.

Juni 15

Cha kwanza: folda ya ripoti. Haina kitu cha jana. Na safari hii naamini ukimya huo, kwa sababu NVRAM inashika na nimeipima tena asubuhi. Keneli haikupata paniki. Hakuna aliyebaki wa kuandika chochote kwa kuwa umeme wenyewe uliondoka.

Nimerudi kwenye kaunta buku, kwenye ile safu niliyoiweka kujaza ukurasa. Zile ambazo mashine ilibaki imezima, bila kujiwasha, ziko karibu zote kati ya saa moja na saa tatu usiku. Juni hapa ni baridi. Muda huo mtaa mzima una hita za maji na majiko. Taa za kwangu zinafifia na kurudi, nimezizoea mpaka siku hizi sizioni.

Pawa saplai ya mashine hizi inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo peke yake haupaswi kuizima. Lakini kati ya ukuta na mashine kuna UPS yangu ya zamani. Umeme ukishuka chini ya kiwango ilichopangiwa, inakata ukuta na kuhamia betri. Nimewasha Linux kutoka kwenye flashi ili macOS isihusishwe kabisa, nikaipa prosesa kazi nzito, kisha nikachomoa UPS ukutani.

Mlio mmoja. Giza.

Nimerudia mashine ikiwa haina kazi: imekaa kidogo, kisha giza. UPS ilikuwa haibebi kitu. Betri nilipoifungua imevimba ubavu mmoja.

Juni 18

Betri mpya, volti 12, Ah 7, ile ya kawaida inayoingia kwenye kengele za wizi na mageti ya umeme kwa pamoja. Nimechomoa ukutani mashine ikiwa imepumzika: imebaki. Nimechomoa Logic ikiwa inatoa wimbo mzima kwa nguvu zote: imebaki. Nilikuwa na hofu nyingine, kwamba UPS za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini na baadhi ya pawa saplai za kisasa haziupendi. Hii ya kwangu haijalalamika, kwa hiyo sina la kuongeza hapo.

Nimempitia jamaa wa Mwanjelwa kumsimulia. Akauliza swali zuri: ingekuwaje kama vyote vitatu ningevibadilisha siku moja? Ingetulia vile vile, na nisingejua kitu. Ila pia, nikiwa mkweli, nisingemuita mwalimu Jumamosi ile.

Juni 21

Sasa usingizi wa mashine, jambo ambalo nimeliacha la mwisho kwa sababu haliangushi kazi, linaudhi tu. Nikiilaza, inaamka yenyewe baada ya sekunde chache. Au inalala vizuri na ikiamka saundi kadi ya USB haionekani mpaka nichomoe na kuchomeka.

macOS inahesabu tundu 15 tu kwa kila kidhibiti cha USB, na tundu moja la buluu linahesabiwa mara mbili: upande wa USB 2 na upande wa USB 3. Bodi hii inapita hesabu hiyo bila shida. Zamani ulikuwa unawasha XhciPortLimit, mpangilio wa OpenCore wa kuondoa kikomo hicho, unasahau. Tangu macOS 11.3 haitegemeki tena. Nimechora ramani kwa USBToolBox nikiwa Windows, nikichomeka flashi kila tundu na kuangalia jina linalowaka. Nimetupa tundu za mbele nisizotumia. Kilichounganishwa ndani ya bodi nimekipa aina ya 255, ili macOS ijue si kitu cha kuchomolewa.

Matokeo: saundi kadi inarudi baada ya usingizi. Kuamka yenyewe kulikuwa bado, mpaka nilipoweka SSDT-GPRW, inayozuia USB kuiamsha mashine papo hapo.

Juni 23

Inalala, inaamka, lakini mara nyingine skrini inabaki nyeusi ikiamka. Ukiingia kutoka kompyuta nyingine unaikuta mzima, inafanya kazi, ila haionyeshi. Nimejaribu kubadilisha mipangilio ya matundu ya picha jioni nzima.

Kisha nimejiuliza nani anahitaji usingizi huu. Mashine ya studio asubuhi inawashwa, usiku inazimwa. `sudo pmset -a sleep 0`, imeisha. Skrini yenyewe inajizima baada ya dakika kumi na kurudi bila kugoma. Kuna watu watasema hakintoshi isiyolala haijakamilika. Waje waimbe.

Julai 7, Saba Saba

Sikukuu, mtaa umetulia, nimeitumia kuibana. Prosesa kwa `yes > /dev/null` kwenye madirisha sita, diski ya nje inanakiliwa, Logic inatoa nyimbo zote kumi za kwaya mfululizo, na UPS nimeichomoa ukutani kwa makusudi katikati. Kwa baridi hii feni haijapandisha hata sauti. Hakuna ripoti mpya, hakuna mstari mpya kwenye kaunta buku.

Hali ya sasa: Ventura 13.7.6, na hapo ndipo itabaki. Sonoma, toleo linalofuata, sigusi. `debug=0x100` nimeitoa, kwa sababu sasa ikianguka nataka ijiwashe; `keepsyms=1` nimeiacha. EFI inayofanya kazi nimeinakili kwenye flashi mbili, moja iko nyumbani. Miradi yote ya Logic inanakiliwa kwenye diski ya nje kila usiku, na sauti za kila wimbo natoa pia kama WAV za kawaida, moja kwa kila mwimbaji, ili siku ya mwisho ya hii mashine zifunguke popote.

NVMe iliyotolewa imepata kazi kwenye kompyuta ya Windows ya mdogo wangu na haina tatizo lolote. Kijiti cha RAM kibovu jamaa wa Mwanjelwa alitaka nimpe. Nimekataa, nimekivunja, maana najua kingerudi sokoni kikiwa "kizima, kinawaka".

Mwalimu anakuja Alhamisi kusikiliza miksi. Nimemwambia aje mchana.